Kuunganisha tiba za kinga kwa watoto ambao lukemia yao imerudi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na wazazi, walezi na wahudumu wa afya pale mtoto aliyekwisha kutibiwa lukemia (saratani ya damu) anapoambiwa kwamba ugonjwa umerudi, na kwamba safari hii kuna tiba za kinga zaidi ya moja. Sehemu kubwa ya majibu inahusu lukemia kali ya limfoblasti ya seli B (aina ya seli nyeupe za damu), kwa kuwa ndiyo iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto na ndiyo yenye tiba nyingi za aina hii. Lukemia nyingine zimepewa swali lake karibu na mwisho. Majibu hayachukui nafasi ya daktari anayemtibu mtoto. Yameandikwa ili mzazi aingie katika mazungumzo na daktari huyo akiwa anajua kinachozungumzwa.

## Mambo ya msingi

1. Daktari anaposema lukemia "imerudi", anamaanisha nini hasa?

Anamaanisha kwamba baada ya kipindi ambacho seli za saratani hazikuonekana, zimeonekana upya, iwe kwenye uboho, kwenye majimaji ya uti wa mgongo, kwenye korodani au mahali pengine. Penye huduma kamili, takribani watoto 9 kati ya 10 wenye lukemia kali ya limfoblasti hupona kwa matibabu ya kwanza. Tunaowazungumzia hapa ni wale ambao matibabu hayo hayakuwatosha.

Muda uliopita kabla ya ugonjwa kurudi una uzito mkubwa katika uamuzi. Lukemia inayorudi ndani ya miezi 18 tangu kugunduliwa imerudi wakati mtoto bado yumo katika dawa, maana yake ni kwamba seli zake zimekwisha kujifunza kuishi na dawa hizo. Inayorudi baada ya miezi 36 au zaidi mara nyingi bado husikia tibakemikali. Kigezo cha pili ni masalia ya ugonjwa, yaani seli za saratani zilizobaki baada ya duru ya kwanza ya matibabu mapya, ambazo darubini haizioni lakini vipimo maalumu huweza kuzigundua hata zikiwa 1 tu kati ya seli 10,000.

2. Tiba ya kinga inatofautianaje na tibakemikali?

Tibakemikali hushambulia seli yoyote inayogawanyika kwa kasi, ya saratani au nzima. Tiba ya kinga hutafuta alama fulani iliyo juu ya ngozi ya seli, kisha huileta nguvu ya kinga ya mwili, au sumu iliyofungwa kwenye kingamwili (protini ya kinga inayoishika alama hiyo), mahali alama hiyo ilipo. Ndiyo maana seli iliyozoea tibakemikali bado inaweza kufa kwa tiba ya kinga, na ndiyo maana pia seli iliyopoteza alama yake inaweza kuiponyoka kabisa tiba ya kinga (tazama swali la 4).

3. Ni tiba zipi zinazozungumzwa?

Ya kwanza ni blinatumomab, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2014. Ni protini yenye mikono miwili: mmoja hushika seli T ya mtoto (seli ya kinga inayoua adui) kupitia alama ya CD3, mwingine hushika seli B yenye alama ya CD19, na kwa kuzisogeza pamoja humfanya askari amwone adui aliyekuwa akipita mbele yake bila kutambuliwa. Nusu ya dawa hii huondoka mwilini ndani ya saa 2 hivi, kwa hiyo hutolewa kwa dripu isiyokatika kwa siku 28 mfululizo. Siku za mwanzo mtoto huwa hospitalini, kisha wengi huendelea nyumbani wakiwa na pampu ndogo ya kubeba.

Ya pili ni inotuzumab ozogamicin, kingamwili inayotafuta alama nyingine, CD22, ikiwa imebebeshwa sumu iitwayo kalikeamisini. Seli huimeza, sumu hufunguka ndani yake, na DNA ya seli hukatika. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha itumike kwa watoto wa kuanzia mwaka 1 mnamo Machi 2024.

Ya tatu ni seli za CAR-T. Hapa seli T za mtoto mwenyewe huchujwa kutoka kwenye damu, hupelekwa maabara, hupewa kwa njia ya kirusi kisichoweza kuzaliana maelekezo ya kutengeneza kipokezi kipya kinachotambua CD19, huzidishwa, kisha hurudishwa mwilini. Mtoto wa kwanza alitibiwa kwa njia hii Philadelphia mwaka 2012, na tarehe 30 Agosti 2017 tisagenlecleucel ikawa tiba ya kwanza ya aina hiyo kuidhinishwa Marekani, kwa wagonjwa wa hadi miaka 25.

Kongwe kuliko zote ni upandikizaji wa uboho. Watu wengi hawauhesabu kuwa tiba ya kinga, lakini sehemu ya nguvu yake inatokana na seli za kinga za mchangiaji zinazoendelea kuisaka lukemia baada ya upandikizaji.

## Kwa nini kuunganisha, na kwa mpangilio gani

4. Kama CAR-T peke yake ina nguvu hivyo, kwa nini isitoshe?

Katika utafiti uliosababisha tisagenlecleucel kuidhinishwa, watoto na vijana 75 walipewa seli hizo, na asilimia 81 kati yao ugonjwa ulitoweka ndani ya miezi 3. Hayo yalikuwa matokeo ambayo hayajawahi kuonekana kwa wagonjwa waliokwisha kushindwa na karibu kila kitu. Lakini kufikia mwezi wa 12, ni takribani nusu tu waliokuwa wamebaki bila ugonjwa kurudi au tukio jingine baya. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo lililozaa wazo lote la kuunganisha.

Ugonjwa huponyoka kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni kupoteza alama: seli chache zisizo na CD19, au zilizoikata sehemu inayotambuliwa, hubaki hai na kuzaliana hadi lukemia nzima inarudi ikiwa haina alama hiyo. Njia ya pili ni seli za CAR-T zenyewe kuchoka au kutoweka mapema, ambapo lukemia hurudi ikiwa bado na CD19 yake lakini hakuna tena mlinzi. Kila njia ina dawa yake: ya kwanza inahitaji tiba inayolenga alama nyingine, ya pili inahitaji kuwarefushia walinzi maisha au kukabidhi zamu kwa walinzi wengine. Mzazi anaposikia kwamba timu ya mtoto wake inataka kuongeza tiba ya pili, swali la kwanza kuuliza ni hili: inazibwa njia ipi?

5. "Kuunganisha" kuna maana kwamba tiba zote hutolewa kwa wakati mmoja?

Mara nyingi sivyo, na hapa ndipo panapotokea kutoelewana kwingi. Kwa sehemu kubwa, tiba hizi hufuatana: moja hupunguza ugonjwa, ya pili huufuta, ya tatu hulinda usirudi. Kuzitoa kwa pamoja kunafanyika zaidi ndani ya majaribio ya kitabibu. Aina ya tatu ya muungano imo ndani ya tiba yenyewe, yaani seli ya CAR-T iliyotengenezwa ili itambue alama mbili (swali la 7).

6. Kati ya blinatumomab, inotuzumab na CAR-T, ipi itangulie?

Hakuna jibu moja linalomfaa kila mtoto, lakini kuna kanuni ambazo madaktari huzipima, na kwa maoni yangu mpangilio una uzito kuliko idadi ya dawa zitakazotumika.

Kanuni ya kwanza ni wingi wa ugonjwa. Blinatumomab na CAR-T hufanya kazi vizuri zaidi, na kwa madhara madogo zaidi, zinapokuta seli chache za saratani. Inotuzumab haisumbuliwi sana na ugonjwa mwingi, kwa sababu haitegemei seli T za mtoto. Hubeba silaha yake yenyewe. Kwa hiyo mtoto ambaye uboho wake umejaa lukemia anaweza kuanzishiwa inotuzumab ili mzigo ushuke, kisha akaendelea na CAR-T.

Kanuni ya pili ni kutochezea alama utakayoihitaji baadaye. Blinatumomab na CAR-T za kawaida hulenga CD19 hiyo hiyo. Uchambuzi wa wagonjwa wengi umeonyesha kwamba watoto ambao blinatumomab iliwashindwa huwa na matokeo duni zaidi wanapopewa CAR-T za CD19, ilhali wale iliowafaa hawaonekani kupata hasara kama hiyo mwanzoni. Kinachohitajika basi ni kupima upya alama kwenye seli za lukemia kila baada ya tiba, si kudhani kwamba bado zipo kwa sababu zilikuwepo mwezi uliopita. Kwa inotuzumab pia kuna angalizo: hufuta seli B nzima pamoja na za saratani, na seli za CAR-T huhitaji kukutana na seli zenye CD19 ili zichochewe kuzaliana.

Kanuni ya tatu ndiyo husahauliwa zaidi. Seli T za mtoto ni akiba yenye ukomo. Kila duru ya tibakemikali kali huzipunguza na kuzichosha, na CAR-T itakayotengenezwa kutokana na seli zilizochoka itakuwa dhaifu. Pale inapoonekana kwamba ugonjwa ni wa hatari kubwa na CAR-T huenda ikahitajika, ni busara kuuliza kama seli zinaweza kukusanywa na kugandishwa mapema, kabla ya duru nyingine ya dawa kali. Akiba hiyo huenda isitumike kamwe, lakini fursa ya kuiweka ikipita ni vigumu kuipata tena.

7. CAR-T zinazolenga alama mbili zimefikia wapi?

Msingi uliwekwa na CAR-T za CD22, ambazo mwaka 2018 zilionyeshwa kuwa zinaweza kuondoa lukemia hata kwa wagonjwa ambao CD19 yao ilikwisha kupotea. Udhaifu wake ulionekana upesi: seli za lukemia hazikuhitaji kuipoteza CD22 kabisa, zilipunguza tu wingi wake juu ya ngozi ya seli hadi CAR-T zikashindwa kuziona.

Hatua iliyofuata ikawa kulenga zote mbili. Nchini China, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwapa watoto 225 CAR-T za CD19 na za CD22 kwa pamoja. Miongoni mwa waliokuwa na ugonjwa sugu au uliorudi kwenye uboho, asilimia 99 ugonjwa ulitoweka, na kwa ujumla asilimia 73.5 walikuwa hawajapatwa na tukio baya kufikia mwezi wa 12. Ni matokeo ya kutia moyo, ingawa utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba alama mbili ni bora kuliko moja. Utafiti mdogo zaidi wa Uingereza, uliotumia seli moja yenye vipokezi viwili na kuchapishwa mwaka 2021, ulipata mafanikio ya mwanzo kwa wagonjwa wengi kati ya 15, lakini seli hizo hazikudumu muda mrefu na baadhi walirudiwa na ugonjwa. Funzo lake ni kwamba kulenga alama mbili huziba njia ya kwanza ya kuponyoka tu. Njia ya pili, ya walinzi kutoweka, hubaki wazi.

8. Nimesikia kuhusu dawa za "kuondoa breki" za kinga. Zina nafasi hapa?

Seli T ina breki iitwayo PD-1, na seli za saratani hujua kuikanyaga. Ugunduzi wa breki za namna hii uliwapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018. Dawa za kuiondoa, kama nivolumab na pembrolizumab, hazina mafanikio makubwa dhidi ya lukemia ya watoto zikitumika peke yake, lakini kuziunganisha na tiba inayoleta seli T karibu na adui kuna mantiki. Kwa sababu hiyo Children's Oncology Group, kundi la watafiti wa saratani za watoto, ilianzisha jaribio linaloongeza nivolumab kwenye blinatumomab kwa lukemia iliyorudi mara ya kwanza, na madaktari wa Philadelphia walijaribu pembrolizumab kwa baadhi ya watoto ambao CAR-T zao zilikuwa zikitoweka mapema. Tahadhari ni kubwa kwa aliyepandikizwa uboho, kwa kuwa kinga isiyo na breki inaweza kuushambulia mwili wake mwenyewe.

9. Je, tibakemikali sasa imepitwa na wakati?

Hapana, lakini sehemu yake inapungua pale inapoumiza kuliko kuponya. Mwaka 2021 matokeo ya tafiti mbili yalichapishwa pamoja. Katika ule wa Amerika Kaskazini na Oceania, watoto na vijana wenye hatari kubwa au ya kati walipewa duru moja ya tibakemikali, kisha nusu wakaendelea na tibakemikali kali na nusu wakapewa blinatumomab kabla ya upandikizaji. Baada ya miaka 2, waliobaki hai bila ugonjwa walikuwa asilimia 54.4 kwa blinatumomab na asilimia 39.0 kwa tibakemikali, na maambukizi makali yalikuwa machache zaidi kwa blinatumomab. Duru ya kwanza ilibaki kuwa ya tibakemikali, kwa sababu kazi ya kushusha mzigo wa ugonjwa bado ilihitaji kufanywa.

10. Mtoto akipona kwa CAR-T, bado anahitaji kupandikizwa uboho?

Hili ndilo swali ambalo wataalamu wazuri hutofautiana kwa haki. Wapo watoto wanaoishi miaka mingi kwa CAR-T pekee. Kinachotazamwa ni seli B: kwa kuwa CAR-T huua kila seli yenye CD19, kutokuwepo kwa seli B kwenye damu ni ushahidi kwamba walinzi bado wapo. Seli B zikirudi katika miezi 6 ya mwanzo, au masalia yakionekana, wengi hupendekeza upandikizaji kwa mtoto ambaye hajawahi kupandikizwa. Baada ya blinatumomab au inotuzumab kwa ugonjwa wa hatari kubwa, upandikizaji kwa kawaida bado umo kwenye mpango tangu mwanzo.

## Madhara

11. "Dhoruba ya saitokini" ni nini, na hutibiwaje?

Seli T zinapoamka kwa wingi humwaga kemikali za kuitana ziitwazo saitokini, na mtoto hupata homa kali, shinikizo la damu hushuka, na wakati mwingine hushindwa kupumua vizuri. Mtoto yule wa kwanza wa Philadelphia alikuwa mahututi hadi vipimo vilipoonyesha kwamba saitokini moja, intalukini-6, ilikuwa imepanda mno. Akapewa tocilizumab, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa wa viungo, na hali yake ikabadilika upesi. Tangu hapo dawa hiyo huwekwa tayari kabla CAR-T hazijaingizwa. Baadhi ya watoto hupata pia kuchanganyikiwa, kushindwa kuzungumza au degedege, na hapo steroidi ndiyo tegemeo kuu. Hali nyingi za namna hii hupita, lakini zinahitaji uangalizi wa karibu, na mzazi anayeona mwandiko au usemi wa mtoto umebadilika asisubiri asubuhi.

12. Kwa nini inotuzumab hutajwa pamoja na ini?

Inaweza kuziba mishipa midogo ya ini; dalili ni uzito kuongezeka ghafla, tumbo kujaa maji, maumivu upande wa kulia na macho kuwa ya njano. Hatari hupanda zaidi upandikizaji unapofuata, kwa hiyo kwa mtoto anayeelekea kupandikizwa duru za dawa hii kwa kawaida hufungwa kwenye 2, na muda kati ya dozi ya mwisho na upandikizaji hupangwa kwa uangalifu. Huu ni mfano halisi wa tiba mbili zinazofaa kila moja peke yake lakini zinazohitaji nafasi kati yake.

13. Kinga ya mtoto itakuwaje baadaye?

Bila seli B, mwili hautengenezi kingamwili, kwa hiyo watoto wengi huhitaji kuongezewa kingamwili za wachangiaji kwa miezi au miaka. Chanjo zenye virusi hai hazitolewi hadi timu itakaporidhia, na wanaoishi naye nyumbani wahakikishe chanjo zao wenyewe zimekamilika. Tangu mwaka 2024, tiba za CAR-T nchini Marekani hubeba pia onyo kuhusu uwezekano wa saratani mpya ya seli T. Tukio hilo ni nadra sana, na uangalizi ni wa maisha yote.

## Hali zisizo za kawaida

14. Ugonjwa umerudi kwenye ubongo au korodani tu. Tiba hizi zinafaa?

Blinatumomab haikuonyesha faida kwa waliorudiwa na ugonjwa nje ya uboho pekee, kwa kuwa haifiki vya kutosha kwenye majimaji ya uti wa mgongo. Sindano za dawa za mgongoni hazipaswi kuachwa. Seli za CAR-T hufika huko, na zimewasaidia baadhi ya watoto.

15. Mtoto wangu aligunduliwa kabla ya kutimiza mwaka 1. Kuna tofauti?

Ipo, na ni kubwa. Lukemia nyingi za wachanga hubeba mabadiliko ya jeni ya KMT2A, ambayo huipa seli uwezo wa kubadili ukoo: ikibanwa kupitia CD19 inaweza kurudi ikiwa lukemia ya myeloidi, ambayo ni aina nyingine ya lukemia. Kwa upande wa matumaini, mwaka 2023 utafiti wa wachanga 30 walioongezewa duru moja ya blinatumomab katika matibabu ya kwanza ulionyesha asilimia 81.6 wakiwa hai bila ugonjwa baada ya miaka 2, ikilinganishwa na asilimia 49.4 ya waliotibiwa hapo awali bila dawa hiyo.

16. Vipi kuhusu lukemia ya seli T na ile ya myeloidi?

Njia ni nyembamba zaidi. CAR-T dhidi ya seli T hujiua zenyewe kwa kuwa zina alama ile ile, na hivyo zinahitaji kuhaririwa. Mwaka 2022 hospitali ya Great Ormond Street, London, ilianza kutumia seli za mchangiaji zilizohaririwa herufi moja moja za DNA dhidi ya alama ya CD7, zikifuatwa na upandikizaji. Katika lukemia ya myeloidi, alama kama CD33 zipo pia kwenye seli zinazozaa damu, kwa hiyo kuzifuta kabisa ni kuufuta uboho. Gemtuzumab ozogamicin hutumika, lakini pamoja na tibakemikali.

17. Mtoto alikwisha kupewa blinatumomab katika matibabu ya kwanza. Itafaa tena?

Swali hili litaulizwa zaidi miaka ijayo. Desemba 2024 utafiti wa watoto 1,440 wenye lukemia ya hatari ya kawaida ulionyesha kwamba kuongeza blinatumomab mwanzoni kulipandisha idadi ya waliobaki bila ugonjwa baada ya miaka 3 kutoka asilimia 87.9 hadi 96.0. Watakaorudiwa watakuwa wachache, lakini watakuwa wamekwisha kutana na tiba ya CD19. Jibu linategemea alama zilizopo wakati ugonjwa unarudi, kama ilivyoelezwa katika swali la 6.

18. Kipimo kinasema hakuna masalia, lakini daktari bado ana wasiwasi. Kwa nini?

Vipimo vingi vya masalia hutafuta seli B kwa kuanza na CD19. Kama tiba imeondoa seli zote zenye CD19, kipimo hicho kinaweza kupita juu ya lukemia isiyo na alama hiyo bila kuiona. Maabara inapaswa kuambiwa mtoto alipewa tiba gani, ili itumie alama nyingine au kipimo cha jeni.

19. Ugonjwa umerudi hata baada ya CAR-T. Kuna njia iliyobaki?

Mara nyingi ipo, ingawa ni ngumu zaidi. Kama CD19 bado ipo na walinzi wametoweka, CAR-T za pili, hasa zilizotengenezwa ili mwili usizikatae, zinaweza kufikiriwa. Kama CD19 imepotea, inotuzumab au CAR-T za CD22 ndani ya jaribio la kitabibu huingia, na lengo huwa kumfikisha mtoto kwenye upandikizaji, au upandikizaji wa pili. Timu ya tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso) ishirikishwe mapema, sambamba na matibabu, kwa sababu maumivu na hofu ya mtoto havisubiri uamuzi wa dawa. Na kabla dawa yoyote haijachaguliwa, sampuli mpya ya uboho ipimwe CD19 na CD22 zote mbili, ikiwa pamoja na wingi wa kila moja, na mzazi apewe nakala ya ripoti hiyo, kwa kuwa kituo kingine chochote atakachoomba ushauri kitaanza kwa kuiulizia.